Shangazi Anajibu: Kaacha gari la betri, kachukua kifuu

Wapenzi wasomaji, hamjambo huko mliko. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mno kuhusu watoto wadogo na vitu vya kuchezea, na sababu naijua, hela ya korosho imeingia, maduka ya mjini yamening'iniza midoli mpaka barazani, na ukipita pale na mtoto lazima akuvute kanga. Nimechagua barua sita. Mimi nimefundisha chekechea miaka mingi hapa Mtwara kabla sijaanza kuandika huku, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu nikiwa nimekaa na watoto kwenye mkeka, mengine nimeyasoma.

*Shangazi shikamoo. Naishi Magomeni hapa Mtwara mjini, nina binti mmoja wa miaka mitatu na miezi minne. Baba yake alipolipwa korosho tulienda dukani tukamnunulia lile gari la betri linalowaka taa na kuimba, elfu thelathini na tano. Siku mbili tu kalicheza. Siku ya tatu namkuta nyuma ya jiko na vifuu viwili na mchanga anapika, gari kalipindua matairi juu kalifanya meza ya kuwekea vyombo. Baba yake kakasirika sana, anasema mtoto hana shukrani. Shangazi, mtoto wangu ana shida gani, na nimnunulie nini kingine?*

Marahaba mwanangu. Mtoto wako hana shida yoyote, tena barua yako imenifurahisha kweli, na naomba baba yake naye asome hapa. Hebu rudia ulichoandika mwenyewe, kalipindua gari kalifanya meza. Hapo ndipo lile gari lilipoanza kuchezewa. Kabla ya hapo lilikuwa linacheza lenyewe na yeye anaangalia, unabonyeza linaimba, unabonyeza linawaka, linagonga ukuta linarudi nyuma, basi, mtoto akishajua kitufe kiko wapi kazi yake imekwisha. Kifuu hakina kitufe. Kifuu kimekaa tu kinamsubiri yeye aseme leo ni nini, na leo kasema ni sufuria, kesho utakuta ni boti kwenye beseni, keshokutwa ni kofia ya askari.

Juzi nilikuwa uani kwa jirani yangu nachambua mchicha, mjukuu wake wa miaka minne kaokota kandambili iliyokatika kamba. Kwanza ilikuwa pasi, kaitembeza juu ya kanga iliyoanguka chini, huku anapuliza mkaa kwa mdomo, fuu fuu. Mara ikawa simu, haloo baba, njoo na mkate na sukari, eeh, usisahau. Halafu kailaza kwenye kile kitambaa, kaifunika mpaka shingoni, akanigeukia na kidole mdomoni kwamba ninyamaze, mtoto amelala. Kandambili moja, haijafika hata robo saa. Sasa niambie ni toi gani la dukani lingeweza hiyo kazi.

Hili sio mimi wa kwanza kulisema. Mwanasaikolojia mmoja wa Urusi, Lev Vygotsky, mwaka 1933 aliliongelea kwa mfano wa mtoto aliyepanda fimbo akasema ni farasi. Anajua fimbo ni fimbo, haijampotea akili, lakini kichwani ameitoa maana ya farasi akaibandika kwenye kitu kingine kabisa, na hiyo ndiyo kazi kubwa, maana baadaye ndiyo hiyo hiyo itamsaidia kuelewa kwamba mikwaruzo kwenye karatasi ni maneno. Hapa kwetu fimbo ni bodaboda, mtoto anapiga gia na kupakia abiria, ila kazi ya kichwa ni ile ile.

Na kuna jambo jingine kuhusu haya matoi ya kelele. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani anaitwa Anna Sosa alitoa matokeo ya familia 26 zenye watoto wa miezi 10 mpaka 16, alirekodi maongezi nyumbani kwao wakati wanacheza. Pakiwa na toi la umeme, wazazi waliongea maneno machache kuliko walipokuwa na vitabu au midoli ya kawaida, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko kwenye vitabu. Ndio hivyo, toi likiongea mama ananyamaza. Na mtoto wa umri ule lugha anaitoa kwako wewe.

Kwa hiyo hela haijapotea kama mtafanya hivi, toeni betri. Nasema kweli, toeni betri mziweke mbali, mrudishieni gari. Sasa sauti ya injini ataitoa yeye kwa mdomo, atalisukuma kwa mkono, litabeba mchanga, litakwama kwenye tope la njia ya Nanyamba, litavutwa na kamba. Ukitaka kununua kingine, ukiwa dukani jiulize swali moja, hiki mtoto anaweza kukigeuza vitu vingapi? Kama ni kimoja tu, kirudishe. Mdoli asiyeongea anaweza kuwa mtoto, mgonjwa, bibi harusi, mwanafunzi mtoro. Mdoli anayesema sentensi tatu za Kiingereza atakuwa huyo huyo siku zote.

Halafu kabla ya dukani pita kwa seremala. Muombe vipande vya mabaki ya mbao, vya mraba, vya mstatili, virefu na vifupi, wengi wanakupa bure maana vinaishia jikoni kuwashia moto. Chagua ambavyo havijapigwa dawa wala rangi, vipige msasa vizuri, pembe zote, mpaka ukipitisha kiganja hakichomwi. Vipande thelathini hivi vinatosha nyumba, bandari, zizi la mbuzi, kitanda. Mjerumani Friedrich Froebel, yule aliyeanzisha chekechea ya kwanza mwaka 1837, katika vitu alivyowapa watoto kulikuwa na mpira, na vipande vya mbao vya umbo la tufe na mchemraba, basi. Ongezea boksi kubwa la tivii au friji ukimpata muuza duka mwenye huruma, kanga chakavu mbili, vikombe vya plastiki, vijiko vya zamani. Mimi darasani nilikuwa na boksi moja la friji, lilikaa wiki tatu, lilikuwa kivuko cha Msangamkuu, watoto wanalipa nauli kwa majani ya mwembe na kuna mmoja kazi yake ilikuwa kupiga kelele kwamba watu wamezidi, washuke.

*Shangazi, mjomba wa watoto yuko Dar, kila akija analeta matoi. Sasa hivi tuna ndoo mbili zimejaa, watoto wana miaka miwili na minne, wanamwaga zote chini wanakanyaga, dakika tano wanasema hawana cha kuchezea wanataka simu waangalie katuni. Nifanye nini? Mama wa Masasi.*

Punguza. Mwaka 2018 chuo kikuu cha Toledo huko Marekani walichapisha jaribio la watoto wadogo 36, wakipewa vitu 4 walicheza na kila kimoja muda mrefu zaidi na kwa njia nyingi zaidi kuliko wakipewa vitu 16. Mtoto mwenye vingi anagusa hiki anaacha, anagusa kile anaacha, hapati nafasi ya kukaa na kitu mpaka kigeuke kitu kingine. Bakisha vitano sita, vingine vifiche juu ya kabati, Jumapili badilisha. Utaona kile kilichokaa mafichoni wiki tatu kinapokelewa kama kipya.

Simu, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndio vizuri. Akilalamika hana cha kufanya usikimbilie kumtafutia, mwache alalamike kidogo. Ile hali ya kukosa cha kufanya ndiyo inayomfanya aangalie ndoo tupu akaona ngoma. Na mjomba mwambie kwa upole, safari ijayo alete kalamu za rangi na karatasi, au alete yeye mwenyewe hadithi zake za Dar.

*Habari Shangazi, mimi ni baba, nipo Lindi mjini, kijana wangu wa miaka mitano kapewa dainosa mmoja wa plastiki na rafiki yake wa shule, tangu hapo hataki kitu kingine, analala naye, anakula naye. Ananiuliza maswali mimi sina majibu, hao wanyama wenyewe ni wa kizungu siwajui. Nimnunulie wengine wawe wengi au nimtafutie kitu kingine cha maana?*

Nzuri kabisa baba. Usimnunulie wengine, huyo mmoja anatosha kwa sasa, na nina habari ya kukupa, hao wanyama sio wa kizungu. Wako walioishi hapo hapo kwenu.

Kuna kilima kinaitwa Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, kama kilomita 60 hivi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Ila waliochimba hasa kwa mikono ni watu wa huku kwetu, mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa anaitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikabebwa kichwani na mabegani, watu wanatembea siku kadhaa kushuka mpaka bandari ya Lindi, hapo inapakiwa melini kwenda Ujerumani. Zaidi ya tani 200 baba, kwa miguu. Na mmoja wa wanyama hao leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, shingo kama mnazi, na jina la kitaalamu walilompa, Giraffatitan, lina twiga ndani yake, maana alikuwa anakula majani ya juu kama twiga. Hakuwa mla watu, mwambie hilo, watoto wanapenda kujua.

Sasa hiyo hadithi ndiyo kitu cha maana unachokitafuta. Mchezo wa kuigiza unahitaji vitu kidogo lakini unahitaji sana habari za kuigiza, mtoto hawezi kucheza soko kama hajawahi kupelekwa sokoni. Jioni mkikaa msimulie, usimfundishe, msimulie tu kama unavyosimulia habari za babu yako. Halafu kesho yake weka uani vitu vichache, makumbi ya nazi, vipande vya mabua, kanga kuukuu, kijiko cha kuchimbia, na uondoke. Wewe utashangaa. Atafukia mifupa, atachimba, ataifunga kwenye kanga, ataibeba kichwani kutoka kwenye mpapai mpaka mlangoni ambako ni bandarini.

Akikuita ucheze, nenda, ila usiwe bosi. Muulize, mimi ni nani? Akisema wewe ni mpagazi, beba mzigo. Akisema meli haijafika, subiri. Wazazi wengi tukiingia kwenye mchezo tunaanza, huyu ana miguu mingapi, hii ni rangi gani, tunageuza mtihani na mtoto anaacha. Muachie usukani. Na siku mkiwa ufukweni pale mjini mwambie basi, mifupa ilipita hapa hapa kwenda majini.

*Shangazi mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Nachingwea. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, tangu nijifungue mdogo wake anabeba mdoli wa dada yake mgongoni, anamfunga kanga, anajipikilisha na watoto wa kike wa jirani. Mawifi zangu wanasema nitamharibu mtoto wa kiume, nimpe bunduki na magari. Naumia, mimi naona anafurahi tu.*

Pole mwanangu, na umeona sawasawa. Mtoto wako nyumbani kaletewa mgeni anayelia usiku na kuchukua mikono ya mama yake, na yeye anatafuta namna ya kuelewa hilo jambo. Anafanya unachofanya wewe. Angekuwa anaona baba yake kila siku anabangua korosho angekuwa anabangua korosho. Akimbeba yule mdoli anajifunza kubembeleza, kujua kwamba mwingine anasikia njaa, na mwanaume anayejua hayo mimi sioni kaharibika wapi. Nani anakaanga chipsi pale stendi? Nani anapika hotelini? Nani anambeba mtoto kumpeleka hospitali usiku mama yake akiwa mgonjwa?

Usimnyang'anye. Bunduki usimnunulie kwa sababu ya maneno ya watu. Magari sawa, mpe, atengenezewe hata la boksi na matairi ya kandambili, utakuta anampakia yule mdoli kumpeleka kliniki kupimwa uzito. Mawifi waambie kwa heshima kwamba umeuliza na umejibiwa, na mdoli mmoja zaidi mshonee wa kwake wa vitambaa, ili asigombane na dada yake. Bibi zetu walikuwa wanatufungia gunzi la mahindi kwenye kitambaa tukawa na watoto, ndevu zake ndio nywele za kusuka. Gunzi hilo halibagui.

*Shangazi, binti yangu ana miezi 11, nipo Tandahimba shambani. Huku hakuna maduka ya matoi. Mtoto mdogo hivi anaanza lini kuigiza, na nimpe nini ambacho hakitamdhuru?*

Kuigiza kwa kawaida kunaanza kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, utamuona anakunywa kikombe kitupu halafu anakucheka, au anakulisha kijiko hakina kitu. Wewe tafuna. Sema mmh, tamu, niongeze. Mpe kikombe, kijiko cha mbao, kifuu kilichosuguliwa vizuri, kitambaa cha kujifichia uso, chupa ya plastiki kubwa safi.

Ila mwanangu nitasema kidogo kuhusu hatari za huko shambani. Korosho ambayo haijabanguliwa usimpe achezee, maganda yana mafuta yanayounguza ngozi na mdomo. Makopo na mifuko iliyobeba salfa au dawa za mikorosho isiwe toi hata ukiiosha mara kumi. Mbegu, maharage, vifuniko vya soda, sarafu, weka juu, kipimo rahisi ni kile kiini cha boksi cha ndani ya tishu ya chooni, chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kinaweza kumkaba. Na zile betri ndogo bapa za duara kama sarafu, zinakaa kwenye saa na matoi ya bei rahisi, hizo ni za kuogopa kuliko zote, mtoto akimeza inaweza kuanza kuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Ukihisi kameza usimtapishe, usingoje kuona, kimbia naye hospitali hapo hapo.

*Mwanangu, namuandikisha mjukuu wangu mkubwa meseji hii. Nipo Mikindani. Nalea kajukuu kangu ka miaka minne, kila siku kanaongea na mtu hayupo, kanamwita Chiku. Kanamwekea chakula pembeni, kananiambia nisikalie hapo, Chiku amekaa. Hapa nyumbani hatuna Chiku wala hajafa mtu wa jina hilo. Majirani wananiambia nimpeleke kwa fundi akasomewe, ana jini. Naogopa.*

Shikamoo bibi yangu. Usiogope, na hela ya fundi tunza. Huyo Chiku ni mchezo, tena ni mchezo wa juu kabisa, maana mwenzake anahitaji kifuu ili aone sufuria, wa kwako hahitaji hata kifuu. Na hayuko peke yake bibi. Mtafiti Marjorie Taylor wa Marekani na wenzake mwaka 2004 walitoa matokeo kwamba watoto kama 65 katika kila 100, kufikia miaka saba, waliwahi kuwa na rafiki wa kuwaza wa namna hii, wengine mtu asiyeonekana, wengine mdoli waliyempa roho. Na watoto wenyewe wanajua, muulize taratibu siku moja atakwambia bibi, Chiku ni wa uongo uongo, huku anakushangaa wewe hukujua.

Mimi darasani nilikuwa na mmoja, rafiki yake alikuwa mbuzi. Tulimwachia mbuzi nafasi kwenye mkeka karibu mwaka mzima, alipoanza darasa la kwanza mbuzi hakutajwa tena.

Kitu cha kuangalia ni mtoto mwenyewe. Kama anakula, analala, anacheza na wenzake, na huyo Chiku anamfurahisha, basi. Ila kama Chiku anamtisha, anamwamuru ajiumize, mtoto halali, au ameacha kuongea na watu wa kweli, hapo mpeleke hospitali mkaongee na daktari. Usimkaripie wala usimwambie ana jini, hilo neno ndilo litakalomtia hofu ya kweli. Wala usimchezee kupita kiasi, usimuone Chiku mahali yeye hajasema yupo. Chiku ni wake, ruhusa anatoa yeye.

Lakini ukipakua uji mwekee Chiku kikombe kitupu pembeni, na muulize Chiku leo kaamkaje, utasikia mengi ambayo mtoto hawezi kukwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Na akikwambia usiku Chiku analala upande wa ukutani, wewe bibi lala upande wa mlangoni.